Sifuri Mbele ya Jina Langu

Jumatatu, 6 Machi 2023

Sifuri! Nimeiona kwa macho yangu, tena nikiwa nimevaa miwani.

Sheraly ndiye aliyenigeuzia kompyuta yake nitazame. Ana karibu miaka hamsini, ana maabara yake na dereva wake, lakini bado ananiita Agay, mwalimu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuweka sikio kwenye kifua cha mtu na kusikia. Agay, usikasirike, akasema, ni mashine tu. Kisha akanieleza taratibu, kwa sauti ile ya kuletea watu habari za msiba. Siku hizi mtafiti anapimwa kwa kutajwa. Mwenzako akiandika makala, akakutaja mwishoni kwamba hili nimelitoa kwa fulani, mashine inakuandikia moja. Akikutaja mwingine, mbili. Mimi nimeandika tangu ujana wangu, nimepanda milima na mashine ya moyo mgongoni mwa farasi, na duniani kote hakuna hata mtu mmoja aliyenitaja. Mukash Jantayev: sifuri.

Ningecheka nikaenda zangu. Lakini kuna chumba. Mwisho wa mwezi baraza la Taasisi linakaa, na mstaafu ambaye hajatajwa na mtu ananyang'anywa chumba. Changu kiko chini kabisa, karibu na boila, kina joto zuri la kusinzilia. Ndani mna kanda zangu. Karatasi ndefu zilizokunjwa, kila moja ni usingizi wa mtu mmoja kule juu Boz-Ashuu, ambako hewa ni nyembamba na mchungaji akilala pumzi inakatika, inakaa kimya, halafu inarudi. Yote imechorwa. Na nyuma ya kila kanda nimeandika kwa mkono wangu ndoto aliyonisimulia mwenyewe asubuhi yake. Wakubwa wa wakati ule walizifuta ndoto kwenye makala. Wakasema hii ni tiba, si soga. Basi zimebaki huko nyuma ya karatasi tu, hakuna pengine.

Printa mpya imeshanunuliwa. Itawekwa palepale. Kanda zitakwenda kiwandani zikageuzwe trei za mayai.

Nilisinzia kwenye kiti. Nikaota theluji inaanguka ndani ya chumba, polepole, na kila chembe imeandikwa namba. Zote sifuri. Nilipoamka shingo iliuma.

Jumatano, 8 Machi 2023

Sikukuu ya wanawake. Tulipu kila kona ya mji, wanaume wamezishika mbali na koti kana kwamba zinauma. Mimi pia nilinunua. Nyekundu kwa Nurzada, njano kwa Begaiym.

Nurzada ni mkamwana wangu. Mwanangu yuko mgodini, juu kwenye barafu, anashuka mara moja moja kuja kulala na kula. Kwa hiyo nyumba ni yetu watatu: mimi, Nurzada na binti yao Begaiym, anayesoma Kiingereza chuoni. Nurzada naye ni mtafiti wa moyo, Taasisi hiyohiyo, ghorofa ya juu yenye madirisha makubwa. Anatajwa, huyo! Wanamtaja Uswisi, wanamtaja Japani. Leo simu haikunyamaza, na mkurugenzi mwenyewe alituma keki.

Aliweka tulipu kwenye mtungi. Ahsante, Ata, akasema, zimenifurahisha. Ata, baba. Tangu aolewe hajatamka jina langu. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe, na Burul wangu, Mungu amrehemu, alimfundisha hivyo siku ya kwanza akimmiminia chai. Wengi siku hizi wameacha. Nurzada hakuacha. Jirani yetu naye anaitwa Mukash, maskini, basi Nurzada humwita yule wa geti la kijani. Tumezoea. Tunacheka.

Sheraly alikuja na maua jioni. Alimpongeza Nurzada, akala keki, kisha akanivuta barazani. Akaniuliza kama nimewahi kuisoma ile makala kubwa ya Nurzada, iliyompa jina. Nikasema haijaandikwa kwa Kirusi, nitaisomaje? Akatikisa kichwa.

"Agay, ni wachungaji wako mle. Usingizi wao, pumzi yao, kila kitu. Na jina lako halimo. Nimetafuta mbele na nyuma."

"Umetafuta vizuri?"

"Agay. Mimi ni mwanafunzi wako."

Alitoa karatasi kwenye koti. Malalamiko kwa baraza, kwamba Doktari Nurzada alitumia kazi ya mwenzake bila kumtaja. Saini tu, akasema. Ukisaini, baraza litakubali kwamba kazi ni yako, na chumba kitabaki. Nikamuuliza, na Nurzada je? Sheraly akatazama viatu vyake. Najua anakitaka kiti cha mkuu wa idara, na najua Nurzada naye anakitaka. Lakini nadhani ananipenda kweli. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Karatasi iko chini ya godoro. Naisikia nikijigeuza.

Jumamosi, 11 Machi 2023

Nimenuna. Najijua nikinuna, Burul alikuwa akisema hata paka anahama.

Nurzada alikaanga boorsok, maandazi yetu madogo, harufu ikajaa nyumba nzima. Sikula. Ata, mafuta yamezidi? Hapana. Ata, moyo? Hapana. Akanipima mapigo kwa vidole vyake vya baridi, hakuona kitu. Ataonaje? Kilichoniuma hakipimwi pale.

Nakumbuka siku alipoleta lile jarida. Burul alikuwa hai. Nurzada aliingia na theluji mabegani, hajavua hata buti, akalishika kwa mikono miwili. Ata, nimeitaja kazi yako! Nilimbusu kipaji cha uso. Nililala na lile jarida chini ya mto, siwezi kusoma hata mstari, nikawa nausikia usiku kucha ule ukaratasi wake mzuri mlaini. Nikajiona nimevuka. Nikajiona nimepita milima yote hii nimetokea upande wa pili, ambako watu wananijua.

Kumbe nilikuwa nimelalia nini?

Adhuhuri nilisinzia dirishani, jua lilikuwa zuri. Burul alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda kukunja soksi. Nikamwambia, mkamwana wako ameniibia. Akaendelea kukunja soksi, na zote zilikuwa za mguu wa kushoto.

Jumanne, 14 Machi 2023

Chumbani kwangu. Boila inakoroma.

Nimefungua kanda ya Asanaly, aliyechunga farasi. Ni ndefu kuliko chumba, ikabidi niipitishe chini ya meza. Hapa analala. Hapa pumzi imekata. Mstari umenyooka, umenyooka, mtu asiyejua angesema amekufa, halafu huyo! Anaruka na kifua kizima. Nyuma yake mwandiko wangu wa ujana: aliota amembeba farasi wake mgongoni wakivuka mto, na farasi analalamika kwamba maji ni ya baridi.

Na yule mama mkamuaji, Kalima. Aliota mlima umeingia hemani kwake. Ukavua viatu mlangoni kwa adabu, ukaja ukamkalia kifuani, ukaomba chai. Nikamuuliza ulifanyaje? Akaniona mjinga. Nilimpa chai, mgeni huyo!

Kulikuwa na siku kule juu, asubuhi, ambapo mawingu yalikuwa chini yetu na mahema yalikuwa kama yametia nanga juu ya maziwa. Watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja kuniletea ndoto zao kabla hawajanawa uso. Nilikuwa na njaa, na mwenye furaha kuliko siku yoyote baadaye. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Sheraly aligonga. Alikuta nimekaa sakafuni, kanda zimenizunguka. Alisimama mlangoni, hakutaka kukanyaga. Akasema mwisho wa kupokea malalamiko ni Ijumaa. Akasema tena, kwa upole, kwamba hawa wote watakuwa trei za mayai.

Asanaly trei ya mayai. Kalima na mlima wake, trei ya mayai.

Nitasaini. Nimekata shauri.

Ijumaa, 17 Machi 2023

Niandike kabla habari haijapoa.

Asubuhi. Nimekaa mezani, karatasi ya Sheraly mbele yangu chini ya gazeti, kalamu nimeshaishika. Nurzada yuko jikoni, mikono kwenye unga, simu ameibana kwa bega. Anaagiza dawa zangu. Nasikiliza bila kusikiliza.

"Ndiyo, za moyo. Zilezile… Za mzee… Baba mkwe wangu… Jina? Jina lake ni… Andika tu mzee wa mtaa wa Ibraimov, mnamjua, huwa anakuja na kofia… Haiwezekani? Basi ngoja. Begaiym! Begaiym, njoo umtaje babu yako!"

Begaiym akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Akachukua simu, akatema povu kwenye sinki, akapaza: Mukash! Mukash Jantayev! Ndiyo! Akarudi zake bafuni.

Nikacheka. Kama tunavyocheka siku zote. Nikacheka mpaka nikashika ubavu, na katikati ya kicheko kitu kikanigonga kifuani nikanyamaza.

Hawezi kulisema. Je, anaweza kuliandika?

Niliinuka, gazeti likaanguka. Nikaenda kumgongea Begaiym kama mwenye nyumba anayedai kodi. Chukua ile makala ya mama yako! Isome! Mwishoni, wanapotajwa watu! Akadhani naumwa. Akaifungua kwenye simu yake, akaketi kitandani, akasoma majina moja moja, ya watu wa huko na huko, mpaka akafika mahali akakunja uso. Babu, hapa hakuna mtu. Wameandika tu "Kikundi cha Kituo cha Boz-Ashuu".

Akanisomea yaliyofuata: mwaka ni uleule wa makala yangu. Ukurasa uleule. Kichwa kilekile, neno kwa neno. Kila kitu kipo isipokuwa mimi.

Alinitaja! Alinitaja kadiri alivyoweza, mwanangu huyu. Akafika kwenye jina langu mkono ukasimama.

Na mashine inahesabu majina ya watu. Kituo si mtu. Kituo ni mahema, mashine moja mbovu, na mimi.

Nikamwambia Begaiym aandike hayo maneno, Kikundi cha Kituo cha Boz-Ashuu, aone kama kuna wengine. Akaandika. Akaanza kushusha ukurasa kwa kidole. Akashusha. Akanitazama. Akashusha tena. Peru, babu. Bolivia. Ethiopia. Lhasa. Wote wanataja Kikundi cha Kituo cha Boz-Ashuu. Wamenakili kutoka kwa mama, halafu wakanakiliana wao kwa wao. Hakuna aliyeisoma, babu, ni ya Kirusi!

Nimekaa kitandani kwa mjukuu wangu, katikati ya nguo zake na chaja zake, nikilia kama mlevi. Wachungaji wangu wamefika Peru. Wamelala kila mahali. Wamevuka dunia nzima wakikata pumzi na kuirudisha, na mwenyewe nilikuwa hapa nimezinunia boorsok.

Karatasi ya Sheraly niliitia jikoni, kwenye moto. Nurzada akauliza ni nini. Nikasema, takataka. Halafu nikala boorsok saba mfululizo. Akanitazama, akacheka kwa furaha, hakujua kitu.

Jumanne, 21 Machi 2023

Nooruz. Mwaka mpya, matope, jua, watoto kwenye bembea. Majirani walikesha wakikoroga sufuria ya sumolok, uji wa ngano iliyochipua, wakatuletea bakuli likiwa bado lina joto. Ngano tupu, na tamu vile! Kila mwaka nashangaa.

Nilingoja Begaiym atoke. Nurzada alikuwa akiosha vyombo. Nikamwambia, nimejua kuhusu Boz-Ashuu. Nimejua ulivyoandika.

Bakuli likamponyoka. Halikuvunjika, likazunguka tu kwenye sinki, na sote tukalitazama mpaka likatulia.

"Nilijaribu, Ata," akasema. Alikuwa amenipa mgongo. "Wallahi nilijaribu. Herufi ya kwanza naiandika. Ya pili, namwona Mama ananitazama na birika. Nikaona aibu. Nikasema, kituo ni chake, atajulikana tu. Ningejua kwamba mashine haitakujua…"

"Usilie. Nimefika Peru."

"Nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na habari za sifuri, za chumba, za printa, za Sheraly na karatasi. Mpaka hapo alikuwa hajui lolote. Hayo ya wastaafu yanapangwa ofisi ya chini. Alijifuta uso kwa aproni, uso ukajaa unga. Leo hii naliandikia jarida, akasema. Begaiym ataandika hilo jina, mimi nitaeleza yaliyobaki. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba majarida hayo hujibu baada ya miezi, na baraza linakaa mwisho wa mwezi huu.

Nikasema, basi nakufungua mimi, ulitaje jina langu. Hapahapa. Nikafungua viganja vyote viwili, kama tunavyofanya kwa dua, nikavinyoosha mbele. Nikatafuta maneno. Sikuwa nayo. Ni maneno ya wanawake, mama mkwe humwambia mkamwana, mwanamume hukaa nje akizungumza habari za mifugo.

Nurzada akaishika mikono yangu akaikunja. Si hivyo, Ata. Si jikoni.

Nikamuuliza, kwa nini?

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Burul alimwahidi. Siku utakayoitwa daktari wa sayansi, alimwambia, nitakuja ukumbini kwenu na kitambaa changu cheupe. Nitasimama mbele ya maprofesa wote wenye tai. Nitakufunga kitambaa, nitafungua viganja, nitasema ulimi wako uko huru, mtaje mzee wangu wakusikie wote. Alikuwa anaingojea hiyo siku kuliko mimi, Ata.

Burul alikufa Februari. Nurzada alitetea tasnifu yake Mei iliyofuata. Namkumbuka jukwaani na gauni lake la bluu, anatazamatazama mlangoni. Nilidhani ana hofu.

Yaani Burul angefanya hivyo kweli! Angeingia na galoshi zake, viatu vya mpira vya matopeni. Nimecheka mpaka sasa, na tena si kicheko.

Alhamisi, 23 Machi 2023

Ramadhani imeanza leo. Mimi daktari amenikataza. Nurzada amefunga.

Nilikwenda kwa Sheraly kumwambia yote. Kwamba Nurzada hajaiba, kwamba ni mila tu. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Agay, unataka niliambie baraza kwamba profesa mzima, anayehutubia Geneva, alishindwa kuandika jina la baba mkwe wake kwa sababu ya haya?"

"Ndiyo."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Mama yako anamwitaje babu yako?"

Akaiweka kalamu chini. Halafu akasema, bila kunitazama, anamwita Mwenye Farasi Mwekundu. Mpaka leo, na babu alishakufa. Nikadhani nimempata. Lakini akasema mama yake haandiki makala. Akasema, na hapo hakuwa akinionea, kwamba kama ni kweli basi Nurzada asimame mwenyewe barazani aseme kazi ni ya nani, iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tarehe thelathini. Kama hawezi, yeye Sheraly atasimama na malalamiko yake hata bila saini yangu, na kanda zangu ziende zinakokwenda.

Mkurugenzi amekubali. Akasema barua ya kwenda kwa jarida, yenye jina lililoandikwa na Begaiym, haitoshi, mwandishi lazima aseme kwa kinywa chake. Akaongeza kwamba ni sekunde moja tu, jina moja tu, mbona tunalikuza?

Sekunde moja tu. Asanaly naye angesema hivyo, pumzi ni kitu cha sekunde moja.

Jumapili, 26 Machi 2023

Anajifunza. Amejificha uani, nyuma ya zulia lililoanikwa. Mimi niko dirishani, nimefumba macho, anadhani nimelala.

"Waheshimiwa wajumbe. Kazi hii ilianza kwenye kituo cha Boz-Ashuu. Aliyeianza ni…"

Shomoro. Halafu pu! pu! pu! Anapiga zulia kwa fimbo. Anaanza tena. Waheshimiwa wajumbe. Aliyeianza ni. Pu! pu! Zulia letu halijawahi kuwa safi namna hii.

Begaiym akamwambia, mama, sema tu, ni herufi chache. Nurzada akamjibu, wewe hukumiminiwa chai na bibi yako. Ukimiminiwa utajua.

Nilitaka kupaza sauti, acha, mwanangu, acha, waichukue tu ile printa ikae. Ulimi wangu nao ukawa mzito. Kwa sababu nalitaka. Mzee kama mimi, mguu mmoja kaburini, na nalitaka jina langu kinywani mwake kwa uchu, kama mtoto anavyotaka peremende. Nimeona aibu hata kuliandika hapa.

Na kuna jingine. Akilitamka, basi agizo la Burul limekwisha. Nyumba nzima hii hakuna tena anachokiagiza Burul: mapazia yamebadilishwa, birika imetoboka, hata paka ni mwingine. Kimebaki hicho kimya tu, hapo kwenye jina langu, ambacho ni chake. Nikikisikia kila siku nasikia yupo.

Nilifungua sanduku lake. Kitambaa kipo, cheupe, kina harufu ya sabuni na ya kondoo. Nimekitia kwenye mfuko wa koti langu la vikao. Sijui kwa nini. Nimekitia tu.

Nilipitiwa na usingizi kweli. Nikaota niko Boz-Ashuu, asubuhi, mawingu chini. Watu wanatoka mahemani kuniletea ndoto, Asanaly, Kalima, wengine. Wa mwisho ni Burul, na yeye hana ndoto ya kunipa. Ananiuliza: wewe uliota nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafungua kinywa kumjibu, zulia likanigutusha.

Alhamisi, 30 Machi 2023

Ukumbini. Safu ya tatu, kiti cha pembeni karibu na rejeta. Naandikia gotini ili nisisinzie, joto hili nalijua lilivyo.

Wamejaa. Hata vijana wa maabara wamesimama ukutani, kumbe habari imeenea. Printa iko ukumbini pia, ndani ya boksi lake, nyuma ya jukwaa, inangoja chumba.

Sheraly amezungumza. Hakusema mwizi. Alisema "kasoro ya maadili", na ni mbaya zaidi, mwizi angalau hukimbia. Lakini alipopita kwangu aliinamisha kichwa, akasema samahani, Agay.

Sasa Nurzada. Gauni la bluu, lilelile! Midomo imemkauka, ni saumu. Ameonyesha ukutani kanda ya Asanaly, imekuzwa, moyo wake mkubwa kama dirisha. Ukumbi ukatulia. Ameeleza vizuri, anaeleza vizuri siku zote. Hapa analala. Hapa pumzi inakatika. Hapa inarudi. Kisha:

"Kazi hii ilianza kwenye kituo cha Boz-Ashuu. Aliyeianza ni…"

Kimya.

Mtu amekohoa. Mkurugenzi: Ndiyo, Nurzada? Nurzada: aliyeianza yumo humu ukumbini. Mkurugenzi: vizuri, lakini kumbukumbu zinataka jina. Katibu ameweka vidole kwenye kompyuta, anangoja.

"Ni Ata," amesema.

Wamecheka! Vijana wale wa ukutani. Mama mmoja nyuma kule, kwa lafudhi ni wa Naryn, kule milimani, amewageukia: mnacheka nini, nyinyi hamna wakwe? Vicheko vikapungua, havikuisha. Sheraly ameinuka nusu, hacheki, amesema karibu kwa kumsihi: "Ata ni wa nyumbani, Nurzada. Mtaje. Mtaje tu, tuishe."

Hawezi. Namwona hawezi. Ameshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe. Anatazama mlangoni, kama siku ile ya Mei. Bado anamngoja.

Mkurugenzi anasema hawezi kuandika Ata kwenye kumbukumbu. Anasema kama hakuna jina itabidi tuendelee na ajenda inayofuata.

Mimi ni mtu wa sayansi. Wale mbele ni maprofesa, nusu yao nimewasahihishia mitihani, na mfukoni mwangu kuna kitambaa cha mwanamke, na maneno yenyewe siyajui. Watacheka mpaka boila isikie.

Burul asingejali. Angekuwa ameshafika pale mbele na galoshi zake.

Ameacha kutazama mlango. Ananitazama mimi. Hapumui. Najua kuhesabu hii, nimeihesabu kwa watu wengi, mstari umenyooka, umenyooka. Mkurugenzi anafunua ukurasa.

Kitambaa kimeshatoka mfukoni. Kalamu naiweka chini. Dua inataka viganja vyote viwili.